Batri kule nyuma, na watu wakae wapi?



Barua tunayojibu mwezi huu imetoka kwa kijana wa upande wa Rubaya. Yeye na mkubwa wake wamenunua Land Rover ya zamani, ile fupi, ya wakati wa wazee wetu. Motere ya esansi ilikuwa imekwisha kufa, basi wakatafuta motere ya mazuti ya Toyota na kuiingiza humo. Imeingia, lakini imejaza nafasi yote chini ya kapo, na kile kibao cha kuwekea batri kimekatwa. Fundi amewaambia: «Batri tutaipeleka nyuma kwenye kofre, ni waya mrefu tu.» Kijana anauliza kama iko na hatari, maana jioni moja, anasema, mama yao alikataa kabisa kupanda motokari yenye batri nyuma ya mgongo wake.

Nianze na mama. Mama hajakosea kuogopa, lakini fundi naye hajasema jambo la ajabu. Kuna motokari ambazo viwanda vyenyewe viliziweka batri nyuma tangu zamani. Mini ya Waingereza, iliyotoka mwaka 1959, ilikuwa na batri ndani ya kofre, na waya mrefu ukipita chini ya sakafu mpaka mbele. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, wazee wanaikumbuka, batri yake ilikaa chini ya kiti cha nyuma. BMW nyingi mpaka leo zina batri nyuma. Kwa hiyo kazi yenyewe inawezekana. Neno ambalo silikubali katika barua hii ni lile «tu».

Tazameni hiyo Volkswagen. Juu ya batri yake kiwanda kiliweka kifuniko, maana kiti cha nyuma kina springi za chuma, na ndani yake kulikuwa na manyoya na nyuzi kavu. Kifuniko kikipotea (na vifuniko hupotea, fundi anasahau, tajiri mpya hajui kwamba kilikuwako), watu wawili wazito wakikaa hapo, springi zinashuka na kugusa vichwa viwili vya batri. Cheche, kisha moshi, kisha kiti kinawaka na watu wako juu yake. Jambo hilo limetokea mara nyingi katika nchi mbalimbali, mpaka wapenda Volkswagen wote wanalijua. Batri ilikuwa nzima, motokari ilikuwa nzima, kilichokosekana ni kipande cha kifuniko.

Sasa tuje kwetu. Huko Ulaya, mtu anayepeleka batri kwenye kofre anaiweka pamoja na gurudumu la akiba na koti la mvua. Wengine wanafanya hivyo kwa ajili ya mashindano ya mbio, ili uzito upungue mbele. Kwetu kofre haiko hivyo. Nyuma ya jeep inayopanda kutoka Sake kwenda Masisi, ama inayopita Hombo kwenda Walikale, ndiyo kuna watu. Kuna mama na mtoto mgongoni, kuna kwaya nzima inayokwenda kwenye mkutano, kuna mifuko ya maharagi, kuna kuku, na mara nyingi, mnajua wenyewe, kuna bidoni ya esansi ya akiba, maana mbele huko utaipata kwa bei gani? Wanaoshuka kwenye karjere wanabeba na nyundo na vyuma. Ukiipeleka batri nyuma kwetu, umeipeleka kukaa na watu, na esansi, na vyuma. Swali la kijana ni moja tu kwa kweli: batri hiyo itakaa namna gani na hao?

Nieleze kwanza nguvu iliyomo. Watu wanaidharau batri kwa sababu ni volti 12, unaweza kugusa vichwa vyake viwili kwa mikono mikavu na usisikie kitu. Hapo wanasema: hauui, umeme huu ni mdogo. Lakini batri nzima ya motokari, ikikutanishwa vichwa viwili kwa chuma, inatoa mamia ya ampere kwa mara moja, hata kupita 1000. Ufunguo wa fundi ukianguka juu yake unageuka mwekundu na kushikamana hapo. Pete ya ndoa ya fundi imekwisha kuunguza vidole vya watu hivyo hivyo. Ndiyo maana ukitaka kuifungua batri, unaanza na waya wa masi, yaani upande wa kutoa, na ukiifunga unaumalizia huo. Kwa nini? Kwa sababu ufunguo ulio kwenye upande wa kujumlisha ukigusa bodi wakati masi bado imefungwa, umeunganisha batri yote kwa mkono wako. Masi ikiwa imetolewa, ufunguo ukigusa bodi hakuna kitu.

Batri ikiwa mbele, waya mnene unaokwenda kwenye demarere ni mfupi, mara nyingi haufiki mita 1, na unakaa chini ya kapo. Ukiipeleka nyuma, waya huo unakuwa wa mita 4 au 5. Unapita kwenye matundu ya bati, karibu na bomba la moshi, karibu na tuyo ya mafuta, chini ya miguu ya watu. Na barabara zetu zinaitingisha motokari toka asubuhi mpaka jioni. Waya unasuguana na ukingo wa bati kidogo kidogo, wiki kwa wiki, mpaka ngozi yake inakwisha na shaba inagusa shasi. Shasi ndiyo masi. Hapo batri nzima inamiminika ndani ya waya huo, unakuwa mwekundu kwa sekunde chache, na ngozi yake inawaka kwa urefu wake wote. Shofa atazima kontakti, lakini kontakti haikati waya wa demarere! Ataruka kwenda nyuma kutafuta batri, na iko chini ya mifuko na watu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza, kabla ya kununua hata huo waya, ni fuzi kubwa, ile mafundi wetu wanaita fizible, na iwekwe karibu sana na batri, si mbali kupita sentimita 20 au 30 kutoka kichwa cha kujumlisha. Nimeona watu wakiiweka mbele, karibu na demarere, kwa kuwa huko ni rahisi kuifikia. Haisaidii. Fuzi inalinda waya ulio mbele yake, na ule ulio nyuma yake, kati ya fuzi na batri, hakuna anayeulinda. Ukiweka fuzi mbele, mita 4 zote zinazopita chini ya watu zimebaki uchi. Kwa waya wa milimita 50 za mraba, fuzi ya ampere 250 au 300, ya aina inayochelewa kidogo kuungua, huvumilia demarere ya mazuti na bado hukatika waya ukigusa shasi. Na ikiungua barabarani, usiniambie kwamba uliweka msumari. Fuzi iliyoungua imekuambia kwamba kuna mahali waya umeumia. Utafute mahali hapo kwanza.

BMW wameenda mbali kupita fuzi. Kwenye batri zao za nyuma waliweka kifungo chenye baruti kidogo, ambacho motokari ikigongana kwa nguvu kinalipuka na kuutenga waya wa demarere na batri papo hapo. Sisi hatuna hicho kwa Land Rover ya zamani, lakini mkasi wa umeme wa kugeuza kwa mkono unapatikana, ule wanaoweka kwenye malori. Uweke mahali ambapo shofa anaufikia bila kupanda juu ya watu. Angalisho moja: usiuzime wakati motere inazunguka, alternateri inaweza kuharibika. Na motere ya zamani ya mazuti, yenye pompi inayozimwa kwa kamba ya kuvuta, haitazimika kwa kukata batri, itaendelea kuzunguka tu. Mvute na kamba yake.

Unene wa waya ni jambo ambalo watu wanalifanyia uchumi, basi acha tuhesabu pamoja. Umeme katika waya ni kama maji katika tuyo: tuyo ndefu na nyembamba, maji yanafika yamechoka. Demarere ya mazuti inavuta kama ampere 300 wakati inazungusha. Waya wa shaba wa mita 5, wenye milimita 16 za mraba, kwa ampere hizo unapoteza kama volti 1.6 njiani. Ule wa milimita 25 unapoteza volti 1. Ule wa milimita 50 unapoteza nusu volti tu. Unasema volti 1.6 ni kidogo? Batri wakati wa kuzungusha imekwisha kushuka yenyewe mpaka karibu volti 10. Ondoa 1.6, demarere inapata 8 na kitu. Kule Masisi juu, asubuhi ya baridi na ukungu, mazuti haiwaki kwa mzunguko wa uvivu kama huo. Mtasukuma, mtalaumu batri, mtanunua nyingine, na kosa liko kwenye waya. Zile volti zilizopotea hazikwenda mahali. Zimegeuka joto ndani ya waya, chini ya kiti.

Na maji yanayokwenda lazima yarudi. Umeme unarudi kwenye batri kwa njia ya shasi, kwa hiyo masi ya nyuma ifungwe kwenye shasi ya chuma yenyewe, mahali palipokwanguliwa rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kisha pakwe grisi juu baada ya kufunga. Usiifunge kwenye bodi, maana bodi ya Land Rover ni aluminiyo, imeshikwa na bulo zilizooza. Halafu kuna kipande ambacho mafundi wanaobadilisha motere wanakisahau karibu kila mara: motere imekaa juu ya mipira, haigusani na shasi. Inahitaji waya wake mnene wa masi kutoka motere mpaka shasi. Ukikosekana, umeme wa demarere utatafuta njia nyingine, na njia hiyo mara nyingi ni kamba ya chuma ya gazi. Mtu anaona gazi inatoa moshi na anafikiri ni mapepo. Ni waya wa masi uliobaki kwenye motere ya zamani.

Njiani, waya uvikwe tuyo ngumu au mpira wa ndani wa gurudumu kwa urefu wake wote, ushikwe kwa vishikio kila sentimita 30 hivi, na kila tundu la bati liwekewe mpira kwenye ukingo. Uwe mbali na bomba la moshi. Usipite pamoja na tuyo ya mafuta. Usipite chini ya tapi ambako watu wanakanyaga na kudondosha visanduku vyao. Na kabla ya kutoboa sakafu, lala chini utazame juu: Land Rover fupi ina tangi chini ya kiti cha mbele cha kuume, na zile ndefu zenye viti vya abiria zina tangi nyuma, hapo hapo ambapo fundi anataka kuweka kasha lako.

Sasa gesi. Hii ndiyo iliyo mbaya kuliko yote, maana haionekani. Batri ikijazwa, hasa ikijazwa kupita kiasi, maji ya ndani yanachemka na kutoa hidrojeni. Hidrojeni haina rangi wala harufu, na ikifika sehemu 4 tu katika 100 za hewa inaweza kuwaka kwa cheche ndogo kabisa, hata cheche ya waya uliolegea juu ya batri yenyewe. Mbele, chini ya kapo, upepo unaichukua. Nyuma, ndani ya bati lililofungwa, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi, inabaki na watu. Batri ikipasuka inarusha vipande vya plastiki na asidi kwenye nyuso za walio karibu. Asidi ikiingia machoni, ni maji safi mengi, papo hapo, dakika 20 bila kuacha, ndipo hospitali. Msitangulize hospitali kabla ya maji.

Kwa sababu hiyo batri iliyo pamoja na watu lazima ikae ndani ya kasha lenye kifuniko kinachofunga vizuri, na kasha liwe na tuyo inayotoa gesi mpaka nje ya motokari. Kasha la plastiki ni zuri. La chuma huliwa na asidi, na kifuniko chake kinaweza kugusa vichwa, kwa hiyo kiwekewe mpira mnene ndani. Hidrojeni ni nyepesi, inapanda, kwa hiyo tundu la tuyo liwe juu ya kasha, si chini. Hata zile batri zilizofungwa ambazo haziongezwi maji zina kitundu cha kupumua. Alternateri nayo ipimwe: motere ikizunguka, kipimo kisome kati ya volti 13.8 na 14.4. Ikipita 15, batri inachemshwa, na safari isianze.

Kuhusu kuifunga sitasema mengi. Batri ya mazuti ina kilo 20 na zaidi. Motokari ikigonga mti, kilo 20 zinasukuma kama 200 na kupita. Kamba ya mpira, ile ya kufungia mizigo juu ya pikipiki, haifungi kitu hapo. Ni chuma cha kuvuka juu, bulo 2 ndefu mpaka chini ya sakafu, na bamba la chuma chini yake, maana aluminiyo ya sakafu itapasuka kama karatasi.

Na ile bidoni ya esansi? Ndugu zangu, hapana. Tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2010, kule Sange, kati ya Uvira na Bukavu, lori la mafuta lilipinduka, esansi ikamwagika, ikashika moto, na zaidi ya watu 230 walikufa, wengine wakiwa wamekaa tu kutazama mpira. Sisemi kwamba batri ndiyo iliyowasha moto ule. Nasema mvuke wa esansi hauombi moto mkubwa. Tena mvuke huo ni mzito, unashuka na kutambaa juu ya sakafu, mahali batri ilipo. Batri ikikaa nyuma, esansi haikai nyuma. Hapa sioni njia ya katikati.

Basi nikijumlisha bei: waya wa milimita 50, fuzi na kishikio chake, mkasi, kasha, tuyo, bamba, na siku mbili za fundi. Si «waya tu». Kwa hiyo kijana wetu, kabla hujanunua, nakuuliza: je, umetazama chini ya kiti cha mbele, upande usio na tangi? Land Rover Defender, mdogo wake hiyo yako, imetoka kiwandani na batri chini ya kiti cha mbele. Pale kwenye yako kuna sanduku la bati chini ya kiti. Waya unakuwa wa mita 1 na nusu hivi, haupiti chini ya abiria wa nyuma, na shofa anaifikia kwa kuinua mto wa kiti. Bado utahitaji fuzi, kifuniko cha mpira juu ya vichwa kwa ajili ya springi (kumbuka Volkswagen), kuifunga, na tundu la hewa kutoka nje. Lakini umepunguza hatari nyingi na pesa nyingi. Kama ni mimi, ningeiweka hapo, na mama angepanda. Nyuma ningeenda tu kama hapo chini ya kiti hapatoshi, na ningefanya yote niliyoandika, pasipo kuacha hata moja kwa ajili ya bei.

Ninyi wengine ambao hamna motokari, na mnapanda za watu, hili nalo linawahusu. Mkiwa nyuma na mkisikia harufu ya mayai yaliyooza, hiyo ni batri inayochemka. Mkiona kasha ambalo mtu amekalia lina joto, ama mnasikia harufu ya plastiki inayoungua, mwambieni shofa asimame, na mshuke kwanza ndipo mbishane. Mtu asifungue kifuniko huku anavuta sigareti. Na msiweke vyuma vya karjere juu ya kasha hilo, hata kama shofa amewaambia hakuna shida. Habari ya batri za kuchaji simu na kuwasha taa ndani ya nyumba, ambako watoto wanalala, ni ndefu, tutaiandika mwezi mwingine.

Kazi ikiisha, mtembee na motokari kilomita 10 hivi, kisha msimame na kupitisha mkono juu ya waya wote, kutoka fuzi mpaka demarere. Pakiwa na joto mahali pamoja, hapo kifungo kimelegea. Mrudie tena baada ya safari ya kwanza ya mbali, na kila mwezi mlale chini kutazama kama waya umesuguana. Halafu chukueni rangi nyeupe, mwandike juu ya kapo kwa herufi kubwa mahali batri ilipo. Kwenye mashindano ya magari wanabandika pembetatu ya bluu yenye radi nyekundu karibu na mkasi wa umeme, ili mtu yeyote anayekuja kuokoa ajue pa kukata. Siku motokari imeingia kwenye mtaro, watu wa kijiji watakaokuja kusaidia watafungua kapo kwanza, na hawataikuta batri huko.